Je, Wajua? Bega la Askari Linaweza Kutaja Mwaka wa Picha

Afisa wa jeshi la Uingereza amesimama wima kwenye picha ya zamani, na kila bega lina nyota mbili. Ana cheo gani? Anayevijua vyeo vya leo atajibu bila kusita: luteni. Lakini kama picha ilipigwa mwaka 1895, huyo ni kapteni. Hadi mwaka 1902 luteni usu hakuwa na nyota hata moja, luteni alikuwa na moja, na kapteni mbili. Mwaka huo kila mmoja akaongezewa nyota moja, na mpangilio huo ndio ulioingia katika majeshi ya Kenya, Uganda na Tanzania. Ndiyo maana mtu anayechunguza alama za mabegani hutafuta cheo na tarehe kwa pamoja. Akiupata mwaka, anajua cheo. Akikijua cheo kutoka kwenye hati nyingine, anaukaribia mwaka.

Mahali alama ilipokaa napo pana habari. Tangu 1855 maafisa wa Uingereza walivaa nyota na mataji kwenye kola. Mwaka 1880 yakahamia begani. Kisha, ilipokuja sare ya kaki ya kazi mwaka 1902, vyeo vikashushwa hadi kwenye pindo za mikono, vikiwa vimezungushiwa nakshi za utepe. Uamuzi huo uligharimu maisha. Kwenye mahandaki ya Ufaransa, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walenga shabaha wa Kijerumani walizitambua pindo hizo kwa mbali na kuwachagua maafisa kwanza. Wengi wakaanza kuhamishia nyota zao begani bila kungoja amri, na mwaka 1920 vyeo vya mikononi vikafutwa. Sare nyepesi za nchi za joto hazikupitia mzunguko huo. Zilibaki na vyeo begani muda wote. Kwa hiyo afisa aliyepigwa picha Taveta au Morogoro mwaka 1916 akiwa na nyota begani hajakiuka chochote.

Kipande chenye habari nyingi kuliko vyote ni taji, lile analovaa meja. Liweke chini ya lenzi, uangalie jinsi matao yake yanavyopanda kutoka pembeni kwenda juu. Yakipanda na kujikunja kama kuba bila kubonyea katikati, hilo ni taji la Tudor, alilolichagua Mfalme Edward VII na lililovaliwa hadi enzi ya George VI. Yakipanda, kisha yakabonyea katikati pale msalaba unaposimama, hilo ni taji la Mtakatifu Edward, alilolichukua Malkia Elizabeth II kuanzia 1953. Tofauti hiyo ni ya milimita mbili au tatu tu, lakini inatenganisha kipindi cha miaka hamsini hivi na kile cha miaka sabini hivi kilichofuata.

Sasa tuirudishe elimu hiyo kwetu. Jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita keya, liliundwa rasmi Januari 1902, karibu mwaka mzima baada ya kifo cha Malkia Victoria. Meja wa keya mwenye taji la Tudor anaweza kuwa wa mwaka wowote kati ya 1902 na miaka ya 1950, na hapo itabidi utafute ushahidi mwingine. Lakini meja wa keya mwenye taji la Malkia anakupa dirisha dogo sana. Kikosi cha sita kiligeuka Tanganyika Rifles Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961. Kile cha nne kikawa Uganda Rifles mwaka 1962. Vile vya Kenya vikawa Kenya Rifles Desemba 1963. Kwa afisa wa kikosi cha Tanganyika, basi, picha ni ya kati ya 1953 na 1961. Familia nyingi za Afrika Mashariki zina picha za babu zao zisizo na tarehe, na mara nyingi afisa aliyesimama katikati ya safu ndiye anayeweza kuwasaidia.

Ipo tahadhari moja kubwa. Alama inakuambia picha haiwezi kuwa ya kabla ya wakati fulani. Haikuhakikishii kwamba si ya baadaye. Stoo za jeshi hazikuteketezwa siku ya kutawazwa kwa Malkia. Mataji ya zamani yaliendelea kutolewa hadi yalipoisha, na maafisa wengi hawakuona sababu ya kununua mapya. Anayetangaza kwamba taji la Tudor lazima liwe la kabla ya 1953 ameruka hatua.

Alama za vitambaa zina kanuni zake. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944 katika Bonde la Kabaw hadi Mto Chindwin, ilivaa kichwa cha kifaru sehemu ya juu ya mkono. Divisheni iliundwa 1943, kwa hiyo kifaru hicho hakiwezi kuonekana kwenye picha ya 1941 ya kampeni ya Uhabeshi. Na ukiuziwa kitambaa chenyewe, chukua taa ya urujuanimno, ile inayotumika madukani kukagua noti. Kemikali za kung'arisha nyuzi zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na chini ya taa hiyo huwaka buluu kali. Kifaru kinachowaka ni cha kutiliwa shaka, ingawa kitambaa halisi kilichofuliwa kwa sabuni ya siku hizi nacho huwaka. Uzi mmoja wa ukingoni ukichomwa utasema zaidi: pamba hugeuka majivu, poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Poliesta iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na ikaingia sokoni baada ya vita kumalizika.

Kwa alama za shaba, geuza upande wa nyuma. Nyota iliyogongwa kwa muhuri wa chuma huonyesha nyuma kivuli kilichopinduka cha umbo la mbele, na kingo zake ni kali. Nakala iliyomiminwa huwa na vitundu vidogo vya hewa, na maandishi ya Kilatini katikati ya nyota, tria juncta in uno, huwa yamefifia hata pale ambapo nyota haijasuguliwa.

Tangu 2022 kazi imeongezeka ugumu. Mfalme Charles III amelirudisha taji la Tudor, na jeshi la Uingereza linabadilisha alama zake hatua kwa hatua. Meja wa miaka ijayo atavaa begani umbo lile lile la matao alilolivaa meja wa 1916, na mchunguzi atalazimika kuliacha taji na kuanza na chuma, uzi na mshono wa sare.