"Nano" na vumbi letu

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayemngojea nyumbani,

Siku hizi watu wanatuuliza dispensari habari za "nano". Wamesikia ni chembe ndogo zinazoingia mwilini bila mtu kujua, nao wanaogopa. Kata milimeta moja vipande milioni: kipande kimoja ni nanometa. Chembe za nano hazizidi nanometa 100.

Sikiliza yaliyotokea Ujerumani mwezi wa Machi 2006. Iliuzwa dawa ya kupulizia vioo na vigae vya bafu, jina lake Magic Nano. Kwa siku chache karibu watu 100 walishikwa na kikohozi na kukosa pumzi. Wengine walilazwa hospitali, mapafu yameingia maji. Kelele zikawa moja: nano! Mikebe ikaondolewa madukani. Lakini wachunguzi wa serikali hawakukuta chembe za nano ndani ya dawa ile. Jina lilikuwa la kuvutia wanunuzi tu. Tena, aina ya chupa ya kupampu haikuleta malalamiko hayo. Walioumia walitumia mkebe wa gesi, unaotoa matone membamba kama ukungu. Watu waliogopa jina, kumbe kilichoingia kifuani ni ukungu.

Na sisi je? Wewe unayeunga chuma kwa umeme, moshi unaouvuta una chembe nyingi za ukubwa huo huo wa nano. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa liliuweka moshi huo katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza habari zake! Tumeuzoea.

Vumbi la jiwe si nano, lakini tunakosea vilevile. Unaogopa wingu zito baada ya baruti, na ni vema. Lakini chembe kubwa zinakamatwa puani. Zile ndogo, usizoziona hewani, zinafika ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Hiyo ndiyo silikosisi, na haina dawa ya kuiponya. Sasa wingu likishuka, hewa ikionekana safi, ndipo wengi wanavua maski.

Wengine wananiambia: "Munganga, mimi nakunywa maziwa, yanashusha vumbi." Ndugu yangu, maziwa yanakwenda tumboni. Pumzi ina njia yake. Kunywa, ni chakula kizuri, lakini usiyahesabu kuwa maski.

Toboa jiwe kwa maji. Usifagie pakavu, mwaga maji kwanza. Nawe mama, salopeti ya kazi usiikung'ute nyumbani mbele ya watoto. Iloweke, uifue peke yake.

Mwenye kikohozi kinachopita majuma mawili aje dispensari bila kungoja, kwa maana kifua chenye silikosisi kinashikwa upesi na kifua kikuu. Ukifika, tuambie pia ni kazi gani unayofanya, na kwa miaka mingapi.