Mradi Hupimwa Mwilini mwa Anayeuvaa

Askari aliyepigwa risasi ya mkono ana kazi mbili za kufanya papo hapo: kuzuia damu isimwishe, na kuendelea kujilinda hadi wenzake wafike. Zote mbili zinadai mikono miwili. Mkono mmoja hushika bunduki huku wa pili ukitoa magazini tupu na kuingiza iliyojaa. Bendeji nayo hufungwa kwa mikono miwili. Ndiyo maana katika nchi zenye viwanda vya silaha wametokea wavumbuzi wa vifaa vya kuvaliwa: mikanda, mikoba ya kifuani na ala za bastola zinazoishikilia silaha au magazini mahali pamoja, ili aliyebaki na mkono mmoja aweze kujaza risasi upya.

Wazo hilo lina utu, kwa sababu limeanza na mtu aliyeumia. Lakini kutoka kwenye wazo hadi kwenye mwili wa askari ni mwendo mrefu: kuna bajeti, zabuni, bohari, lori, kituo cha polisi na mafunzo. Kaskazini Mashariki mwa Kenya, mwendo huo umeimeza mipango mingi ya usalama, mingine ya mabilioni ya shilingi. Kabla kifaa kingine chochote cha kuvaliwa hakijapelekwa Garissa, yafaa tuangalie yaliyoipata mipango iliyotangulia.

Tuanze na mvaaji. Kaunti ya Garissa ina zaidi ya kilomita za mraba 44,000, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 841,353. Katika upana huo, kutoka Balambala hadi Liboi na Hulugho, anayefika kwanza panaposhambuliwa mara nyingi ni polisi wa akiba. Huyu ni mwenyeji. Anazijua njia za ngamia, anavijua visima, na nyayo za mgeni mchangani hazimpiti. Kifungu cha 110 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 kinamtambua, lakini kama mtu aliyejitolea. Kwa miaka mingi alibeba bunduki ya serikali bila mshahara, akilisha watoto wake kwa mifugo aliyoiacha na jamaa ili akalinde ya wengine.

Hatari anayoikabili si ya kubuni. Alfajiri ya tarehe 23 Machi 2025, wapiganaji walivamia kambi ya Biyamadhow, Garissa, wakaua polisi wa akiba sita. Mnamo Juni 2019, polisi wa akiba watatu walitekwa nyara huko Konton, Wajir. Maafisa waliofuata nyayo zao siku iliyofuata wakakanyaga kilipuzi kilichotegwa barabarani, na wasiopungua wanane wakapoteza maisha. Kifaa kinachobuniwa kwa ajili ya aliyeumia mkono kinabuniwa, kwa hakika, kwa ajili ya watu kama hawa.

Sasa tazama walivyopangiwa. Mwaka huo wa 2019 serikali iliwanyang'anya silaha polisi wa akiba wengi wa kaunti za kaskazini ili wakaguliwe upya. Sababu zilikuwa na uzito: bunduki nyingine zilikuwa zimetumika katika ugomvi wa koo na wizi wa mifugo, na rekodi za nani anamiliki ipi zilikuwa hafifu. Hata hivyo ukaguzi ni kazi ya miezi, na pengo lililoachwa halikujazwa kwa kasi iyo hiyo. Januari 2020, watu waliokuwa na silaha walivamia Saretho, karibu na Dadaab, wakiulenga mlingoti wa simu, na raia wakauawa. Siku chache baadaye, tarehe 13, walimu watatu waliuawa Kamuthe. Tume ya Huduma ya Walimu ikawaondoa walimu wasio wenyeji, na watoto wakabaki na madarasa matupu. Viongozi wa eneo hilo walidai polisi wa akiba warudishiwe silaha. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba bunduki hizo zingeyazuia mashambulio yale. Kinachoonekana wazi ni kwamba mpango ulikuwa na tarehe ya kuzikusanya silaha, ila haukuwa na jibu kwa mchungaji wa Fafi aliyeuliza atalindwa na nani usiku huohuo.

Mipango mikubwa zaidi imepitia njia hiyohiyo. Baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa ya tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, serikali iliutilia mkazo mpango wa kujenga kizuizi kwenye mpaka wa Somalia, wenye urefu wa takriban kilomita 700. Kazi ilianzia Mandera. Machi 2019 Bunge liliusimamisha mradi baada ya kuelezwa kwamba shilingi bilioni 3.4 zilikuwa zimetumika na ua uliosimama ulikuwa wa kilomita kumi tu. Siku ile ya Aprili kulikuwa na somo jingine ambalo ukuta usingelifundisha. Wavamizi waliingia kabla ya jua kuchomoza, ilhali kikosi maalumu cha Recce, chenye makao Ruiru, kiliingia chuoni jioni. Kati ya alfajiri na jioni, wanafunzi walikuwa mikononi mwa yeyote aliyekuwa karibu na chochote alichokuwa nacho.

Kuhusu mawasiliano ni vivyo hivyo. Mwishoni mwa 2014 serikali ilitia saini mkataba wa karibu shilingi bilioni 15 wa kuwawekea polisi mtandao wa kamera na mawasiliano. Mtandao huo ulielekezwa Nairobi na Mombasa. Huku kaskazini mashariki milingoti ya simu imelipuliwa mara kwa mara, na kila unaoanguka huacha vijiji kadhaa bila njia ya kuita msaada. Polisi wa akiba anayekosa mtandao hupeleka habari kwa miguu au kwa pikipiki, na anayevuja damu hawezi kusubiri pikipiki.

Hata nguo imetufundisha jambo. Septemba 2018 ilizinduliwa sare mpya ya polisi ya rangi ya bluu. Lengo lilikuwa kumpa askari heshima na kumtofautisha na wengine. Haikuchukua muda malalamiko yakaenea vituoni kuhusu kitambaa na rangi. Mwenye kuishi Garissa anaelewa mara moja. Miezi ya Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 35, na jua la huko halina huruma kwa kitambaa kizito. Rangi inayopendeza kwenye gwaride mjini humwanika mvaaji wake kati ya migunga na mchanga mwekundu. Nguo ndicho kifaa cha kwanza askari anachovaa, na kama ilimfikia bila yeye kuulizwa, tusishangae vya baadaye vikimfikia vivyo hivyo.

Chukua fulana ya kuzuia risasi. Ile laini inayovaliwa chini ya shati huzuia risasi za bastola. Ili kuzuia risasi za bunduki kama AK-47, lazima iwekwe vibao vigumu vya seramiki au chuma, na uzito wake hufika kilo kumi au zaidi. Ongeza bunduki, maji, risasi na redio. Mtu anayefuata nyayo kwa miguu tangu alfajiri, kwenye joto lile, pengine akiwa amefunga Ramadhani, ataivua fulana hiyo kabla ya adhuhuri. Katika ripoti ya ununuzi imehesabiwa kuwa imetolewa na imepokelewa, lakini kifuani mwake haipo. Seramiki nayo hupasuka ikiangushwa ovyo, na kifaa chenye muda wa matumizi kikikaa bohari isiyo na rekodi, hakuna ajuaye siku ambayo kinga yake ilikwisha.

Kwa hiyo nikisikia habari za mkanda wa kumwezesha majeruhi kujaza bunduki kwa mkono mmoja, ninaona kwamba waliobuni wameliona tatizo la kweli, ila kwa Garissa wameanza na sehemu yake ya pili. Mshipa mkubwa wa mkono au paja ukikatika, mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Kifaa cha kwanza anachohitaji mwenye mkono mmoja mzima ni mkanda wa kubana kiungo kilichojeruhiwa, ule wenye kijiti cha kukaza, uliobuniwa ili majeruhi aufunge mwenyewe kwa mkono mmoja. Jeshi la Marekani lilianza kuwagawia askari wake mkanda huo kwa wingi karibu mwaka 2005. Ni mwepesi, hautoshi hata kuujaza mfuko wa suruali, na bei yake haikaribii bei ya bunduki.

Kifaa peke yake, hata hivyo, hakikuleta mafanikio. Kikosi cha 75 cha Ranger cha Marekani kilimfundisha huduma ya kwanza kila askari wake, kuanzia kamanda hadi mpishi, badala ya kuwaachia matabibu pekee. Utafiti uliochapishwa 2011, ukichunguza majeruhi wao 419 wa Afghanistan na Iraki tangu 2001 hadi 2010, ulikuta vifo 32. Hakuna hata kimoja kati yavyo ambacho huduma ya kwanza uwanjani ingekizuia ikashindwa kufanya hivyo. Siri ilikuwa mazoezi ya mara kwa mara, kwa kila mtu, na kuweka kumbukumbu ya kila jeraha ili wajifunze. Hakuna katika hayo matatu lisilowezekana Garissa.

Kuna undani ambao tangazo la zabuni halitauandika asipoulizwa anayejua. Mkanda ubebwe katikati ya mwili, mahali ambapo mkono wa kulia na wa kushoto yote inaufikia, kwa kuwa risasi haichagui mkono. Mazoezi yafanywe pia kwa mkono dhaifu. Plastiki huchoka kwa jua kali, kwa hiyo mkanda ulioning'inizwa kifuani miezi na miezi ukaguliwe na ubadilishwe. Sokoni kuna mikanda ya bandia ambayo kijiti chake huvunjika kikikazwa, kwa hiyo mnunuzi akitafuta bei ya chini kabisa bila kujaribu mzigo, atamletea askari kifo kilichofungwa kwenye pakiti safi. Mafunzo yatolewe kwa Kisomali mahali ambapo Kisomali ndicho kinachosemwa, na yarudiwe, maana jambo lililofundishwa siku moja hotelini husahaulika siku ya damu. Tena baada ya mkanda pawe na njia ya kufika hospitali ya rufaa mjini Garissa, au ndege ya kwenda Nairobi, kabla kiungo hakijafa.

Ninasisitiza kuanza na kinachookoa uhai kwa sababu nyingine pia, nayo ni kumbukumbu. Kaskazini Mashariki haikuanza kuijua serikali yenye silaha mwaka 2015. Palikuwa na vita vya miaka ya sitini na hali ya hatari iliyodumu hadi 1991. Palikuwa na operesheni ya Bulla Kartasi, Garissa, mwaka 1980. Palikuwa na mauaji ya Wagalla, Wajir, Februari 1984: serikali ilitaja vifo 57, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaandika katika ripoti yake ya 2013 kwamba huenda waliouawa walikaribia 1,000. Familia zenye kumbukumbu hiyo zikisikia mradi mpya wa kurahisisha kufyatua risasi, zina haki ya kuuliza risasi hizo zitaelekezwa wapi. Mkanda wa kuzuia damu hauzui swali hilo. Polisi wa akiba aliyefunzwa kuutumia atamsaidia mwenzake, na pia mama aliyeumia kwenye ajali ya basi la Garissa, na mchungaji aliyepigwa risasi kisimani. Kwa njia hiyo imani hujengwa, na bila imani ya wenyeji hakuna habari zitakazomfikia polisi kabla ya shambulio.

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Wizara ina fedha, kaunti ina hospitali, wenyeji wana ujuzi wa ardhi, na mvaaji ana mwili ambao mradi wote utaangukia. Sheria ileile ya 2011 iliweka Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, ili gavana, polisi na wananchi wakae meza moja. Katika kaunti nyingi mamlaka hiyo ilibaki kwenye karatasi kwa miaka. Ikifufuliwa, ndipo mahali pa kuuliza maswali haya kabla fedha hazijatoka: nani atavaa, atalipwa nini, nani atamfundisha, nani atabadilisha kilichochakaa, na akiumia, familia yake itakula nini.

Utaratibu wa kumalizia mradi nao ubadilike. Leo mradi huhesabiwa kuwa umekamilika bidhaa zinapopokelewa na hati kutiwa saini. Napendekeza hatua moja ya lazima kabla ya malipo ya mwisho. Msimamizi wa mradi aende Fafi au Ijara saa nane mchana, ampe kifaa polisi wa akiba ambaye amekitumia walau mwezi mzima, amfunge mkono mmoja nyuma ya mgongo, kisha ashike saa. Mtu huyo akiweza kukitumia kwa wakati, kwa mkono wa kulia na tena wa kushoto, mkandarasi alipwe. Akishindwa, kifaa kirudishwe kwa aliyekitengeneza pamoja na maelezo ya mvaaji, na fedha zibaki hazina hadi kitakapofaa.