Kina cha Fokasi katika Picha za Maua

Ugumu wa kupiga picha ya ua kwa karibu hautokani na udogo wa ua bali na wembamba wa kina cha fokasi, yaani umbali kati ya sehemu ya mbele kabisa na ya nyuma kabisa ambazo katika picha moja huonekana bila ukungu. Lenzi ya makro, ambayo hutengenezwa ili ilenge vitu vilivyo karibu sana, inapolikuza ua hadi taswira yake ilingane na ukubwa wake halisi juu ya kihisi, ambacho ni bamba dogo linalopokea mwanga ndani ya kamera, kina hicho huwa takriban milimita 1 tu tundu la lenzi likiwa limewekwa f/8.

Ua la Usambara, lililopelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, na kupewa jina la kisayansi mwaka 1893, ni kipimo kizuri cha jambo hili. Petali zake tano za zambarau zimetandazika karibu sawasawa, kwa hiyo kamera ikielekezwa moja kwa moja mbele ya ua, uso wa kihisi ukiwa sambamba na petali, karibu ua zima huingia katika fokasi. Lakini kamera ikiinamishwa kidogo tu, upande mmoja hufifia. Zaidi ya hayo, vifuko viwili vya manjano vya chavua vimechomoza mbele ya petali, na mpigapicha hulazimika kuamua kipi kionekane wazi. Uamuzi ulio salama ni kuchagua vifuko hivyo, kwa kuwa ndivyo jicho la mtazamaji huvifuata kwanza.

Wengi hudhani kwamba dawa ni kulibana tundu hadi f/22. Kina huongezeka kweli, lakini mwanga unaopita katika tundu dogo mno hutawanyika na kuipunguzia picha nzima ukali, huku mwanga wenyewe ukiwa haba, hasa katika kivuli cha msitu ambako ua hili huota kwenye miamba. Shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye kihisi, hubaki wazi muda mrefu, na mtikisiko mdogo wa bua huharibu kila kitu. Kuunganisha picha kadhaa zenye fokasi tofauti kwa programu ya kompyuta husaidia ndani ya nyumba. Porini, penye upepo, njia hiyo husifiwa kupita kiasi.

Kwa ukaribu huo fokasi ya otomatiki nayo huhangaika, hivyo ni afadhali kuizima, kuifunga pete ya lenzi mahali pamoja, kisha kuisogeza kamera yenyewe mbele au nyuma kidogo kidogo. Anayeanza na afanye zoezi hilo kwa ua bapa lililomo chunguni, asubuhi kabla ya upepo, ndipo ajaribu waridi, ambalo petali zake zimepangana kwa vina vingi.