Waepikureo na Wastoiko: Walifundisha Nini Juu ya Heri?

Katika Matendo ya Mitume 17:18 tunamkuta Mtume Paulo akihojiana huko Athene na Waepikureo na Wastoiko. Wengi wetu hupita hapo haraka. Mimbarani, tukiwataja Waepikureo, huwa tunamaanisha walafi na walevi. Nasi tumewahi kuhubiri hivyo. Tusi hili ni la zamani hata nyumbani mwetu: mwaka 1525 Martin Luther, akimjibu Erasmus juu ya utumwa wa utashi, alilitumia jina la Epicurus kumkaripia. Lakini Mgiriki huyo alifundisha jambo lililo karibu kinyume cha ulafi, na tusipolijua hatutaelewa kwa nini Paulo alidhihakiwa.

Epicurus alizaliwa mwaka 341 K.K. katika kisiwa cha Samos, wa wazazi Waathene. Yapata mwaka 306 K.K. alianza kufundisha Athene katika bustani yake, na chuo chake kikaitwa Bustani. Humo walipokelewa hata wanawake na watumwa. Chakula chao cha kawaida kilikuwa mkate na maji; yeye mwenyewe alimwomba rafiki ampelekee jibini kidogo, ili siku akipenda apate kufanya karamu. Huyu ndiye anayeitwa baba wa walafi!

Ni kweli alisema kwamba raha ndiyo mwanzo na mwisho wa maisha ya heri. Shida yote imo katika neno hilo raha. Iko raha ya mwendo, kama aipatayo mwenye kiu wakati anapokunywa. Na iko raha ya utulivu, yaani hali ya kutokuwa na kiu tena. Hii ya pili ndiyo kubwa. Mwili usipoumwa na roho isipofadhaika, raha imefika kikomo. Kutoka hapo yaweza kubadilika ladha, lakini haiongezeki. Utulivu huo wa roho Wagiriki waliuita ataraksia. Kwa hiyo alizipima tamaa. Zipo za asili na za lazima, kama mwenye kiu kutaka maji. Zipo za asili zisizo za lazima, kama kutaka vyakula vya anasa. Na zipo zisizo za asili wala za lazima, kama kutaka kuvikwa taji na kusimamishiwa sanamu. Za kwanza hutoshelezwa kwa kidogo. Za mwisho hazishibi kamwe.

Lakini hata aliyeshiba aweza kutetemeka usiku kwa kuogopa miungu na kifo. Hapa Epicurus alichukua kwa Democritus fundisho la atomi: vitu vyote, hata roho, ni chembe zisizogawanyika zinazokutana na kuachana. Miungu ipo, ila huishi katika heri yake yenyewe, wala haihangaiki kutuadhibu au kutubariki. Nacho kifo hakina cha kuogopesha, kwa kuwa chembe za roho zikitawanyika hakuna tena anayehisi.

Wapinzani wake hawakukosa hoja. Aristippus wa Kirene na wafuasi wake nao walitafuta raha, lakini ile ya mwili na ya sasa. Kutoumwa tu waliona ni kama hali ya mtu aliyelala. Aristotle, aliyekufa mwaka 322 K.K., alikuwa amefundisha kwamba heri ni kutenda: ni roho kufanya kazi yake kwa wema katika maisha mazima, pamoja na kuwa na rafiki na mali kiasi. Wastoiko, wafuasi wa Zeno aliyetoka kisiwa cha Kipro, walisema wema pekee watosha. Ugonjwa na umaskini si uovu. Epicurus aliwashauri wanafunzi wakae mbali na siasa. Wastoiko waliona kuutumikia mji ni wajibu.

Hoja nzito zaidi twaipata kwa Cicero, Mrumi: ikiwa wema hutafutwa kwa ajili ya raha tu, ni nini kitakachomzuia mtu kudhulumu akijua hataonekana? Epicurus alijibu kwamba mdhalimu hawezi kuwa na hakika ya kufichika daima, na wasiwasi huo humwondolea utulivu. Kwetu sisi jibu hili ni dhaifu, maana lajenga haki juu ya hofu, nayo hofu ndiyo aliyotaka kuiponya. Hata hivyo maisha yake yalizidi hoja zake. Alipokuwa akifa mwaka 270 K.K. kwa ugonjwa wa mawe ya figo, aliandika kwamba maumivu yalikuwa makali kupita kiasi, ila furaha ya kukumbuka mazungumzo ya zamani ilisimama kinyume chake. Kisha akaomba watoto wa rafikiye marehemu watunzwe.

Sasa turudi kwa Paulo. Aliposema kwamba Mungu hahitaji kitu mikononi mwa wanadamu, Mwepikureo aliweza kuitikia. Lakini alipotaja siku ya hukumu na kufufuliwa kwa wafu, aligusa mahali pale pale ambapo Bustani iliweka amani yake. Kwa mtu aliyejifunza miaka mingi kwamba hakuna mungu anayehukumu na kwamba aliyekufa hahisi tena, habari hiyo ilisikika kama kurudishiwa ugonjwa aliokwisha kupona.