Punje Zinazobaki Shambani



Mwananchi wa Buwenge anayenunua mkate au chapati hula ngano ambayo haikupandwa jirani naye. Ardhi ya Busoga ni ya miwa, mahindi na mpunga. Ngano ya mashariki hustawi kwenye baridi, juu ya Mbale, katika miteremko ya Mlima Elgon huko Kapchorwa, Kween na Bukwo. Nayo haitoshi: sehemu kubwa ya ngano inayosagwa nchini hununuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo punje inayoachwa shambani ni hasara ya mkulima na ya taifa.

Mwaka 2013 maofisa wa jeshi walipewa jukumu katika mpango wa Operation Wealth Creation, na askari wengi hurudi kwenye kilimo wanapostaafu. Basi yafaa askari aijue kombaini, yaani mashine ya kuvunia nafaka, kama anavyoijua silaha yake.

Kombaini hukata mashina, hupura masuke, hutenganisha punje na mabua, kisha hupepeta. Punje zinapopotea, usikimbilie spana. Simamisha mashine, utazame ardhi. Zilizoanguka mbele yake, mahali isipofika bado, zilidondoka zenyewe kwa kuchelewa mavuno. Zilizo chini ya visu huonyesha kwamba visu ni butu, au gurudumu la kulaza mashina linazunguka mbio na kuyapiga masuke. Zilizo nyuma zimepotea ndani ya mashine.

Hapo okota masuke yaliyotupwa. Yakiwa bado na punje, ongeza kidogo mwendo wa ngoma ya kupuria, au punguza nafasi kati yake na wavu wa chuma ulio chini yake. Punje zikiwa zimevunjika ndani ya tangi, fanya kinyume chake. Punje safi zikitupwa pamoja na makapi, huenda upepo wa feni ni mkali au chekeche limefungwa mno. Makapi yakijaa tangini, huenda upepo ni hafifu. Rekebisha jambo moja tu, vuna hatua chache, kisha tazama tena. Anayebadilisha mambo matatu kwa pamoja hatajua lipi lililomsaidia.

Hasara hiyo hupimika. Punje 1,000 za ngano zina uzito wa gramu 35 hivi. Ukikuta wastani wa punje 200 katika kila mita moja ya mraba, umepoteza gramu 7, na katika hekta moja kilo 70. Hesabu katika upana wote uliokatwa, si chini ya mstari wa mabua peke yake.

Mlimani yako mambo mawili zaidi. Asubuhi umande hulainisha mabua na masuke hayapuriki vyema. Adhuhuri punje hukauka na kuvunjika upesi. Kipimo cha asubuhi hakifai mchana. Tena, kwenye mteremko punje huteleza upande mmoja wa chekeche na kumwagika, hivyo mwendo uwe wa polepole. Penye mwinamo mkali mashine yaweza kupinduka. Hapo isiingizwe kabisa.

Lililo kubwa kuliko yote ni uhai. Kabla ya kutia mkono popote, zima injini, ondoa ufunguo, na ungoje kila kitu kisimame, kwani ngoma huendelea kuzunguka baada ya injini kunyamaza. Sehemu ya kukatia ikiinuliwa, iwekewe kizuizi imara kabla mtu hajaingia chini yake. Ngano iliyomwagika msimu huu yaweza kupandwa tena msimu ujao. Mkono uliokatwa hauoti tena. Amri hiyo ishikwe na kila msimamizi, hata mvua ikiwa inakaribia na mwenye shamba anahimiza.