Zawadi kwa mzazi na mwanawe: Tuache fahari, tupeleke yenye manufaa

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, ambaye humtunuku amtakaye watoto wa kike na humtunuku amtakaye watoto wa kiume. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), Aali zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, Ijumaa ya leo tumependa tuzungumzie jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni zawadi tunazompelekea mama mjamzito na mtoto anayezaliwa. Tumelichagua kwa sababu jambo hili, ambalo asili yake ni mapenzi na huruma, limeanza kugeuka mzigo na aibu katika baadhi ya nyumba zetu.

Tutazame hapa Buswelu, yalipo makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, iliyoanzishwa mwaka 2012 baada ya kugawanywa kwa Jiji la Mwanza. Ni mahali panapokua upesi. Mtumishi wa serikali amejenga jirani na mkulima, na mfanyabiashara wa Kirumba anapakana ukuta na familia inayoishi kwa dagaa wa Mwaloni. Pamoja na ukuaji huo zimeingia desturi za mjini, mojawapo ikiwa ni sherehe ya kumpongeza mjamzito kabla hajajifungua, ambayo vijana wetu huiita 'bebi shawa'.

Wapo masheikh wasioipenda sherehe hiyo kwa kuona kwamba ni kuiga mila za wengine. Wapo pia wanaosema kwamba asili ya mambo ya kimila ni uhalali, maadamu hapana la haramu ndani yake. Sisi leo hatukukusudia kuamua baina yao. Tunachotaka kukitazama ni kile ambacho pande zote mbili zinakubaliana, yaani ubaya wa israfu, majivuno na kumkalifisha mtu asiloliweza.

Mchango unapogeuka deni

Tuchukue mfano wa mke wa kibarua, mwenye ujauzito wa miezi minane. Wenzake katika kikundi wanaandaa sherehe ya mmoja wao. Kuna mchango wa ukumbi, kuna sare, kuna keki na mapambo, kisha kuna zawadi ambayo hufunguliwa mbele ya watu na jina la mtoaji likatajwa. Asipotoa ataonekana bahili. Akitoa, atakuwa ametoa fedha iliyowekwa kwa ajili ya nauli ya kumfikisha hospitali uchungu utakapomshika usiku. Basi huazima. Zamu yake inapofika naye hufanyiwa sherehe, akarudi nyumbani na wanasesere, vikapu vya maua ya plastiki na nguo ambazo mtoto hatazifikia mwezi wa pili kabla hazijambana, ilhali chandarua hana na pamba ya kujifungulia hana.

Huko si kupeana zawadi. Ni kukopeshana fahari. Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Israa amewaita wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani, na katika Surat Al-Furqan amewasifu waja wake ambao wanapotoa hawafanyi israfu wala hawafanyi ubahili, bali hukaa katikati ya hayo mawili. Njia hiyo ya kati ndiyo tunayoitafuta.

Mtume (SAW) ametuhimiza tupeane zawadi kwa kuwa huleta mapenzi. Aidha, amewausia wanawake wa Kiislamu kwamba jirani asidharau kumpelekea jirani yake kitu, hata kikiwa ni ukwato wa mbuzi. Mafunzo hayo yanatutosha. Thamani ya zawadi haipimwi kwa ukubwa wa kifurushi, na aliyeleta sahani ya viazi vitamu kwa moyo safi hana sababu ya kuinamisha uso mbele ya aliyeleta kitanda cha mtoto.

Tuanze na mzazi

Kabla ya kununua chochote, tuulize. Si vibaya mama mkwe, wifi au shoga wa karibu kumuuliza mjamzito kwa siri: umekwishapata nini na bado nini? Jibu la swali hilo ndiyo orodha bora kuliko zote. Mara nyingi kinachokosekana ni vitu vya kawaida kabisa: vifaa alivyoelekezwa kliniki kwenda navyo siku ya kujifungua, beseni, sabuni, nepi za kitambaa, shuka, na fedha ya usafiri wa kufika hospitali, iwe Sekou Toure, Bugando au kituo kilicho karibu.

Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za nchi yetu zinazosumbuliwa sana na malaria, na wajawazito pamoja na watoto wachanga ndio wanaodhurika zaidi. Kwa hiyo chandarua chenye dawa ni zawadi ambayo kila usiku itamwombea mtoaji. Doti ya kanga nayo haijapoteza cheo chake. Ikiwa ni ya pamba halisi itakuwa mbeleko, itakuwa shuka, itakuwa sitara ya kunyonyeshea, na mwisho ikichakaa itakuwa nepi. Lakini tuchague pia maneno yake. Mzazi anastahiki kanga yenye dua na pongezi, wala si yenye fumbo la kumpiga kijembe mke mwenza au jirani.

Akisha kujifungua, zawadi iliyo kubwa kuliko zote ni kazi ya mikono. Kumtekea maji, kumfulia, kumpikia uji wa ulezi na mchuzi wa sato au dagaa, kuwapeleka shule watoto wakubwa: haya hayafungwi kwa karatasi za kung'aa, lakini mzazi hayasahau.

Yapo pia ya kuepuka, ijapokuwa huletwa kwa nia njema. Chupa za kunyonyeshea na makopo ya maziwa si zawadi ya kumpa mama anayeweza kunyonyesha, kwani wataalamu wa afya wanasisitiza maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, na Qur'an katika Surat Al-Baqara imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Asali ina baraka zake, lakini asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa yaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda. Wanja wa macho, baadhi yake una madini ya risasi yanayodhuru ubongo. Shanga na hirizi za shingoni zaweza kumkaba, na kinga yake sisi ni dua. Mtume (SAW) alikuwa akiwaombea wajukuu zake Hasan na Husein kinga kwa Mwenyezi Mungu.

Tukumbuke vilevile akika. Siku ya saba mtoto huchinjiwa, hunyolewa na hupewa jina. Imepokewa kwamba Mtume (SAW) mwenyewe aliwafanyia akika Hasan na Husein, nao ni watoto wa binti yake. Basi babu, mjomba au ami mwenye uwezo anayemnunulia mbuzi kijana aliyekwama ametoa zawadi iliyo sunna, na nyama yake ikawafikia majirani na masikini.

Kitabu nacho ni zawadi

Tukitoka katika chakula na mavazi, tunafika katika zawadi inayosahauliwa kuliko zote. Ni mara ngapi tumekwenda kumwona mzazi tukakuta hata mtu mmoja ameleta kitabu? Sisi ni umma ambao wahyi wake wa kwanza, katika Surat Al-Alaq, ulianza kwa amri ya kusoma. Hata hivyo, watoto wetu wengi huingia darasa la kwanza, wakaanza kufundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu, bila ya kuwahi kushika nyumbani kitabu ambacho ni chao. Mtoto wa namna hiyo hukutana na kitabu kama mgeni, tena mgeni anayekuja na fimbo ya mwalimu.

Huenda msomaji akasema: mtoto wa siku arobaini atasoma nini? Hatasoma, bali atasikia. Mtoto huanza kuisikia sauti ya mama yake angali tumboni, na anapozaliwa huitambua. Kila anaposomewa, huyakusanya maneno kama kuku anavyodonoa punje, moja moja. Ndiyo maana aliyesemeshwa na kusomewa sana hufika shuleni akiwa na hazina ya maneno.

Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kitabu kizuri ni cha nguo au cha karatasi ngumu, chenye picha kubwa na chache, kwani atakitia mdomoni kabla hajakifungua. Cha nguo tunaweza kukishona wenyewe. Bibi huchukua vipande vinne au vitano vya kitambaa cheupe cha pamba, akashonea juu yake maumbo aliyoyakata katika kanga kuukuu: samaki, mtumbwi, embe, mwezi, kuku. Kisha huvikunja katikati na kuvipiga uzi kwenye mkunjo, bila vifungo wala shanga. Kitabu hicho hufuliwa, hakichaniki, na mtoto atakapokua ataambiwa kwamba ule mwezi ulitoka katika kanga ya bibi yake.

Kwa wa miaka miwili hadi mitano, tutafute hadithi fupi zenye picha na maneno yanayojirudia, za sungura na fisi, au za maisha anayoyaona kila siku. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa mwaka 1991 kwa sababu vitabu vya Kiswahili vya umri huu vilikuwa adimu mno, na wachapishaji wa hapa nchini kama Mkuki na Nyota na E & D Vision wamevitoa vingi. Tuvitangulize hivyo kabla ya vile vya kigeni vyenye picha za theluji. Mtoto wa Buswelu anastahiki kuona kitabuni miamba, ziwa na mama aliyejitanda ushungi.

Kwa kaka na dada wa mtoto mchanga wanaojua kusoma, Hekaya za Abunuwasi zimewachekesha watoto wa vizazi kadhaa huku zikiwafundisha kutumia akili. Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichochapwa mwaka 1952, ni kisa cha mtu anayefanyiwa husuda na ndugu zake wa damu naye akaendelea kuwapenda. Ni somo zuri kwa nyumba ambayo mtoto mkubwa ameanza kumwonea wivu mdogo wake. Kwa upande wa dini, Juzuu Amma yenye herufi kubwa ni zawadi ya kuhifadhia sura fupi, ila iwekwe mahali pa heshima asipoifikia mdogo anayechana. Kwa wazazi wenyewe, Qurani Takatifu, tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy iliyotoka mwaka 1969, itawasaidia kuyafahamu watakayowafundisha.

Wala tusiwabague watoto katika zawadi. Nuuman bin Bashir (RA) amesimulia kwamba baba yake alimpa zawadi, akataka Mtume (SAW) aishuhudie. Mtume akauliza iwapo watoto wengine nao wamepewa mfano wake. Alipojibiwa kuwa hapana, aliamrisha kumcha Mwenyezi Mungu na kufanya uadilifu baina ya watoto. Basi kitabu akipewa wa kiume, na wa kike apewe.

Wasiokuwa na fedha

Kitabu si lazima kiwe kipya. Kilichotunzwa na mtoto wa jirani aliyekwishakua, kikafutwa vumbi na kushonwa mgongo, ni zawadi kamili. Kikundi kinachochangia keki kinaweza kuchangia kasha la vitabu likazunguka nyumba kwa nyumba, au likakaa madrasa. Mjini ipo Maktaba ya Mkoa wa Mwanza, na baba anayempeleka mwanawe huko Jumamosi moja kwa mwezi amempa kitu kikubwa bila kununua chochote.

Na asiyejua kusoma asijione hana la kutoa. Bibi zetu wanazo hadithi kichwani. Akikaa jioni akasema "Paukwa!" na wajukuu wakaitikia "Pakawa!", amekwishafungua kitabu. Vijana wenye simu wairekodi sauti yake, kwani siku itakuja ambapo watoto wataitafuta wasiipate.

Tutazame mfano wa Mwana Kupona binti Mshamu wa pwani ya Lamu na Pate. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wasia wenye beti zaidi ya mia moja. Nguo na vyombo vya nyumba ile vimekwisha zamani. Maneno ya mama kwa bintiye yangali yanasomwa, zaidi ya miaka 160 baadaye. Kabla yake, katika Surat Luqman, Mwenyezi Mungu ametuhifadhia maneno ya baba kwa mwanawe, na hakutuambia Luqman alimwachia mwanawe mali kiasi gani.

Basi ndugu zetu, tunausia mambo matatu. Kwanza, vikundi vyetu viweke kiwango kidogo cha mchango ambacho aliye dhaifu kuliko wote anakiweza, na zawadi zisifunguliwe hadharani kwa kutajana majina. Pili, haja ya mzazi itangulie pambo. Tatu, katika kila nyumba anamozaliwa mtoto, kiingie angalau kitabu kimoja, na awepo wa kumsomea. Akina baba tusiwaachie mama peke yao jambo hili, kwani robo saa baada ya swala ya Isha inatosha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie wajawazito wetu wajifungue kwa salama, awakuze watoto wetu katika elimu na twaa, na azitakase zawadi zetu kutokana na ria na masimango. Amin.

Wabillahi tawfiq.