Karatasi za nyumba kwenye intaneti: tumejaribu ghala la bei ndogo

Juma hili tunazungumza juu ya karatasi. Si zile za kufungia karanga sokoni. Ni zile tunazoficha chini ya godoro, katika sanduku la chuma au ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mara tatu: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha ndoa, diploma ya Serikali, kadi ya mpiga kura, karatasi ya paseli, kadi ya chanjo.

Hapa Yangambi karatasi ina adui wengi. Mvua inapita katika matundu ya bati. Mchwa hawapigi hodi. Mtumbwi unapinduka na begi ndani yake. Na mto wenyewe unajua kupanda: mwezi wa kwanza wa mwaka 2024, maji ya mto Kongo yalifika huko Kinshasa karibu na alama ya 1961, ile ambayo wazee wanaitaja mpaka leo, na jimbo letu la Tshopo lilikuwa kati ya majimbo yaliyopata mafuriko.

Ndiyo sababu komite yetu iliamua kujaribu kitu ambacho vijana wanakisema kila siku: kuweka nakala za karatasi kwenye intaneti. Wamama 12 tulijitolea, kwa juma sita. Tulikuwa na maswali matatu. Inakula feza ngapi kwa kweli? Mtandao wetu wa hapa unaiweza? Na nani anashika ufunguo?

Ghala hilo ni kitu gani

Wengine wanaita klaudi, maana yake wingu. Lakini hakuna kitu kinachoelea angani. Ni mashine kubwa zilizopangwa ndani ya majengo katika inchi mbalimbali, zinazowaka usiku na mchana. Unapiga picha ya cheti chako, unaituma kwa simu, na kampuni inaitunza katika mashine zake. Simu ikiibiwa au ikianguka majini, unachukua simu nyingine, unaandika adresi yako ya imeili na neno la siri, na nakala inatokea tena.

Kwa hiyo ni kama kukodi kona katika ghala la mtu. Kona ndogo ni bure, kona kubwa inalipiwa. Google inatoa giga 15 bila malipo, lakini giga hizo zinatumiwa pamoja na imeili na picha zako. Kampuni ya New Zealand inayoitwa MEGA (ni jina lake tu, si mega za simu) inatoa giga 20 za bure. Dropbox inatoa giga 2. Ukitaka zaidi, unalipa kwa mwezi: giga 100 za Google, kwa mfano, huko Marekani bei yake ni karibu dola 2 kwa mwezi, yaani dola 24 kwa mwaka.

Tunajua bei ya kukosa karatasi

Kabla ya kuhesabu mega, tukumbuke kwa nini jambo hili si mchezo wa vijana. Kati ya tarehe 5 na 10 mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Watu walikufa, na nyumba zikabomoka pamoja na vyote vilivyokuwa ndani.

Tarehe 9 mwezi wa pili 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliamua kwamba Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile, katika sehemu yote ya inchi ambako ilihusika. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Ukisoma hukumu ile, unakuta mahakama inarudia mara nyingi jambo moja: ushahidi ulioletwa hautoshi. Katika zile milioni 325, dola milioni 40 tu ndizo za mali iliyoharibiwa.

Sasa kuna FRIVAO, shirika la Serikali lenye makao Kisangani, lililopewa kazi ya kugawa fidia hiyo. Mama zetu na ndugu zetu wanajua maana ya kusimama mbele ya meza na kuambiwa: onyesha. Onyesha kwamba nyumba ilikuwa yako, kwamba marehemu alikuwa mume wako, kwamba mtoto huyu ni wake. Yule ambaye karatasi zake ziliungua pamoja na nyumba, aonyeshe nini?

Hata bila vita, swali hilo linatufikia. Mume akifa, sheria ya jamaa inampa mjane haki ya kubaki katika nyumba waliyoishi, na watoto ndio warizi wa kwanza. Lakini kabla ya sheria kumsaidia, mjane anaulizwa cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Na sote tunajua kwamba siku ya matanga, sanduku la karatasi linaweza kutoka nyumbani kabla ya viti vya kukodi.

Yangambi inatupatia pia mfano mzuri. Kutoka 1937 mpaka 1958, wafanyakazi wa INEAC, ambayo leo ni INERA, walitazama miti ya msitu wetu na kuandika: huu umetoa maua, huu umeangusha majani. Miaka mingi baadaye karatasi hizo zilipigwa picha, na watu wa kujitolea kutoka pande zote za dunia wakasaidia kuzisoma kwa njia ya intaneti, katika kazi iliyoitwa Jungle Rhythms. Leo wataalamu wa hali ya hewa wanazitumia. Karatasi ilitunzwa, na nakala ikafika mbali. Sisi tunataka kufanya vilevile kwa cheti cha mtoto.

Tulichokiona katika juma sita

Jambo la kwanza: nafasi si shida. Ukurasa mmoja uliopigwa picha kwa programu ya kuskani unakuwa na uzito wa kama theluthi moja ya mega. Kwa hesabu hiyo, giga 15 zinaingiza kurasa karibu 45,000. Jamaa gani ina kurasa 45,000? Sisi 12, kwa pamoja, tulikuwa na kurasa 214, nazo zilikula mega 70 hivi. Video moja ya ndoa ya dakika moja inaweza kupita hapo.

Kwa hiyo, kwa karatasi za nyumba, ghala la bure linatosha. Dola 24 kwa mwaka ni madaftari na kalamu za watoto, ziache huko. Tulijaribu pia kampuni moja inayouza nafasi kubwa ya «maisha yote» kwa malipo ya mara moja. Ilitaka kadi ya benki, na feza ya simu haikuikubali. Mtoto wa dada yetu mmoja, anayefanya kazi Kisangani, alitulipia mwezi mmoja wa majaribio kwa kadi yake. Mwezi ulipoisha, tuliweza kusoma vitu vyetu lakini hatukuweza tena kuongeza kitu. Na tukajiuliza: maisha yote ya nani, yetu au ya kampuni?

Jambo la pili: kinachokula mega ni programu yenyewe, wala si karatasi. Kuishusha kwenye simu mara ya kwanza kunakula kuliko karatasi zetu zote. Hatari nyingine ni simu kutuma yenyewe picha na video zote bila kukuuliza. Mama mmoja aliweka mega asubuhi, saa sita zikawa zimekwisha. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya programu ya picha na kuzima hiyo kazi ya kutuma yenyewe. Karatasi unazituma kwa mkono, moja moja.

Jambo la tatu: mtandao wa hapa unaiweza, lakini si saa zote. Jioni, wakati kila mtu yuko kwenye WhatsApp, karatasi moja ilikaa dakika kumi ikizunguka tu. Alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, karatasi kumi zilipita kabla chai haijachemka. Chaji simu mchana penye paneli, piga picha mchana, tuma alfajiri.

Namna ya kufanya

Tandika karatasi mezani, mchana, nje penye kivuli. Jua kali linaleta mng'ao, na taa ya usiku inaleta giza. Ndani ya programu ya Google Drive kuna kitufe cha kuongeza, na humo kuna kuskani: inanyoosha karatasi na kuikata vizuri kuliko picha ya kawaida. Piga mbele na nyuma, kwa sababu mihuri mingi iko nyuma.

Kisha ipe jina ambalo hata mtoto wako atalielewa: «Cheti cha kuzaliwa, mtoto wa kwanza, 2014». Ukiliacha jina la namba ambalo simu inaliweka, siku ya haraka utafungua karatasi 30 ukitafuta moja.

Anza na zile ambazo ukizikosa, utazunguka ofisi miezi mingi: vyeti vya kuzaliwa, ndoa, diploma na buletini za mwaka wa mwisho, karatasi za paseli, kadi ya mpiga kura, kadi za chanjo, karatasi za hospitali. Na kama mtoto mchanga hana cheti, usitafute ghala kwanza, tafuta cheti. Tangu sheria ya jamaa iliporekebishwa mwaka 2016, mzazi ana siku 90 za kuandikisha mtoto. Zikipita, unapaswa kupitia mahakama, na njia hiyo ni ndefu.

Nani anashika ufunguo

Hapa ndipo penye uzito. Katika juma sita, hakuna karatasi hata moja iliyopotea ndani ya ghala. Kilichopotea ni maneno ya siri, mara tatu. Na wamama wawili waliona kwamba akaunti yao ilifunguliwa zamani na kijana wa duka la simu, kwa namba yake mwenyewe. Maana yake, mlango ni wako lakini ufunguo uko mfukoni mwake. Fungua akaunti mpya kwa namba yako, ukikaa karibu na mtu unayemwamini.

Namba ya simu pia si ya milele. Usipoitumia muda mrefu, kampuni inaweza kuikata na kumpa mtu mwingine, na ujumbe wa kukurudishia akaunti utamfikia yeye. Google inakuruhusu kuchukua namba kumi za akiba, kila moja yenye tarakimu nane, za kuingilia siku simu haipo. Ziandike kwenye karatasi. MEGA nayo inatoa ufunguo wa kurudishia: ukipoteza neno la siri pamoja na ufunguo huo, hata kampuni yenyewe haiwezi kukufungulia vitu vyako. Karatasi hiyo ya ufunguo usiiweke nyumbani pamoja na vyeti. Mpe dada yako aliye Kisangani, au mtoto wako mkubwa, ndani ya bahasha iliyofungwa.

Na usikae muda mrefu bila kuingia. Google imeweka sheria kwamba akaunti ambayo haikutumiwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Ingia kila mwaka, kwa mfano siku ya kurudi shule, ufungue karatasi moja na kuhakikisha inasomeka.

Jambo la mwisho katika hili: usitume vyeti kwa WhatsApp kwa mtu wa kupiga chapa halafu ukasahau. Nakala inabaki katika simu yake. Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, Kongo ina sheria ya mambo ya dijitali inayolinda habari za mtu, lakini mlinzi wa kwanza ni wewe.

Nakala si karatasi yenyewe

Tusidanganyane. Komini, shule na mahakama zitakuomba karatasi yenyewe, au nakala yenye muhuri. Picha kwenye simu haipokei pahali pake. Kazi yake ni nyingine: inaonyesha namba ya cheti, tarehe, ofisi iliyokitoa na jina la aliyetia sahihi. Ukiwa na hayo, mwandishi wa ofisi anajua afungue kitabu gani. Bila hayo, anakuambia urudi juma lijalo, na juma lijalo anakuambia vilevile.

Kwa hiyo endeleeni kufunga karatasi katika mfuko wa plastiki, juu, mbali na mchwa. Ghala la intaneti ni mfuko wa pili.

Jumamosi baada ya mkutano wa likelemba, wale 12 watabaki kusaidia wengine. Mama asiye na simu kubwa aje vilevile: tutampigia karatasi kwa simu ya mtoto wake au ya ndugu aliyemchagua, si kwa simu ya komite, kwa sababu chama hakitashika ufunguo wa nyumba ya mtu. Leteni karatasi tano za kwanza, simu yenye chaji, na bahasha moja ya kuandikia namba za akiba.